Mkamburi na Mbuzi wa Saa Tisa

Wifi yangu Mkamburi hajui kusema hapana. Nililijua hilo siku ya kwanza kaka yangu Solomon alipomleta nyumbani kwetu Mbololo. Aliombwa ateke maji, akateka. Aliombwa apepete mahindi, akapepeta. Jirani akaja kuomba wa kumshikia ndama, na bibi harusi wetu akaenda kumshikia hata viatu vya safari hajavua. Leo ana miaka hamsini na saba, Solomon tulimzika zamani, na mwanamke yule bado hajajifunza.

Pale kanisani kwao Mwakingali, mjini Voi, yeye ni mzee wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, sauti ya pili kwenye kwaya na mshika funguo za stoo. Vitambaa vya madhabahu anafua yeye. Wagonjwa anatembelea yeye. Siku za kazi anauza ndizi na nyanya sokoni, na hata huko wateja humwachia watoto awashikie wakienda kupanga foleni benki. Nikimwuliza kwa nini, ananiambia, "Wifi, si ni dakika moja tu."

Sasa ukijumlisha hizo dakika moja moja unapata mtu anayechelewa kila mahali. Anachelewa kwa heshima, mikono imejaa vitu vya watu, lakini anachelewa. Harusi yake mwenyewe alichelewa kwa sababu alisimama njiani kumfunga mama mmoja kilemba. Mama huyo hata hakuwa anakuja harusini.

Ndiyo maana tuliposikia mwanawe Wesley amempenda binti wa Mzee Mutunga, mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mutunga ni Mkamba wa hapa hapa Voi, mtaa wa Kaloleni. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na nne, kazi ya kuandika treni imefika saa ngapi na imeondoka saa ngapi, na alipostaafu treni ziliendelea bila yeye lakini yeye hakuacha kuandika. Ana kidaftari kwenye mfuko wa shati. Mfereji ukifunguliwa, anaandika. Mkewe Nduku akirudi kutoka sokoni, anaandika. Kuna watu walikuja kumposa binti yake mkubwa wakachelewa dakika hamsini, wakakuta geti limefungwa. Walipogonga, aliwajibu kutoka ndani, kwa upole kabisa, kwamba treni imeondoka. Binti yule akaolewa baadaye na kijana mwingine, mwenye saa.

Wesley wetu ni fundi wa friji, kijana mtulivu, na binti huyo, Kavinya, ni mwalimu wa chekechea mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Walipendana miaka mitatu. Lakini kwa Wakamba hujaoa mpaka mbuzi wa ntheo wafike, mbuzi watatu. Bila hao unaweza kuzaa na mtoto wao hata timu ya mpira, kwao wewe bado ni mpita njia. Mutunga alikubali wawili wa kwanza waende kwa pesa za simu, maana dunia imebadilika. Wa tatu, dume, alikataa katakata. Alisema dume huyo afike kwake Jumapili inayofuata, kabla ya saa tisa alasiri, na aingie getini akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Ikishindikana, wasirudi kumwona mpaka mwaka mwingine, na pengine hata huo mwingine atakuwa na shughuli.

Wesley alimkalisha mama yake chini. Akamwambia, "Mama, Jumapili hii nakuomba ufanye jambo moja tu." Mkamburi akaapa, mkono juu. Mimi nilikuwepo. Siku iyo hiyo jioni akakubali kutengeneza maua ya madhabahuni.

Mbuzi alikuwa wangu. Nimeolewa Sagalla, na huko nilikuwa nimemlea dume mmoja wa rangi ya majivu, miguu myeupe kana kwamba amevaa soksi, mnene, mwenye dharau. Jumapili alfajiri nilimwogesha kwa mtungi mzima wa maji ya kununua. Unajua maji Sagalla yalivyo adimu. Mume wangu nilimwambia yeye ataoga Jumatatu. Kisha nikamfunga mbuzi utepe mwekundu shingoni, ule uliobaki kwenye keki ya mwanangu Lewis, bado una tone la nta ya bluu la mshumaa, nikampakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva. Tukateremka hivyo, kidevu cha mbuzi kwenye bega la dereva. Watu njiani walikuwa wakimpungia mkono yeye. Mimi hakuna aliyeniona.

Mkamburi alikuwa ameniambia kwa simu niende moja kwa moja kanisani, kwa kuwa funguo za nyumba anatembea nazo. Nikafika saa mbili. Alitoka mbio, joho la kwaya limeingia mkono mmoja tu, ndoo mkononi. Tangu saa kumi na moja alikuwa amefagia, amepanga viti, amechemsha chai ya wahubiri, na alikuwa amembeba mgongoni mtoto ambaye hakumjua ni wa nani. Nikamwuliza mbuzi nimweke wapi. Akasema, "Mfunge pale nyuma ya stoo kwenye mwarobaini, kuna kivuli," akapotea.

Nikaenda nyuma ya stoo. Nikakuta maboga, miwa, mikungu ya ndizi, magunia ya mbaazi, kuku wamefungwa miguu, na kila kitu kimefungwa utepe. Nikajiambia, watu wa Voi wanapenda urembo jameni. Nikamfunga mbuzi wangu katikati ya vile vitu, nikamnyoosha utepe ukae sawa, nikaingia ibadani.

Wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Kwetu Sagalla Sikukuu ya Mavuno tulikuwa tumeshaifanya majuma mawili kabla, kwangu ilikuwa imekwisha na kusahauliwa, na ibadani akili yangu yote ilikuwa kwenye saa tisa. Naye Mkamburi, aliyeitangaza Mavuno ya Voi kwa mdomo wake Jumapili tatu mfululizo, alikuwa na mambo tisini kichwani, na kwamba sadaka za mnada hupangwa nyuma ya stoo, hilo likadondoka. Kwa hiyo nilimwacha mbuzi mikononi mwa Mungu, na siku hiyo Mungu alikuwa na mnada.

Ibada zilikuwa mbili. Mkamburi alisoma Neno, akaimba, akapitisha vikapu, akamtoa nje mzee aliyezidiwa na joto, akarudi akaimba tena. Saa sita na nusu Wesley alikuwa nje na gari la kukodi, probox, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Mchungaji akamwita Mkamburi. Mama wa jumuiya akamwita. Mtu wa spika akamwita. Na wifi yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akawaambia, "Baadaye." Nilitaka kumshangilia pale pale mlangoni.

Mbuzi tukamwacha kivulini tumpitie tukirudi, tukaondoka kwenda Mbololo kwa mama yangu, Bibi Wakio, maana kijana wetu haendi ukweni bila kutasiwa. Kutasa ni kwetu Wadawida, yaani Wataita. Mzee anapiga funda la kinywaji, anakupulizia, anasema maneno ya kutoa kinyongo chochote moyoni ili njia iwe nyeupe. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Mama aliokoka, akahamia juisi ya miwa. Siku hiyo miwa yote ilikuwa imekwenda Mavuno, kwa hiyo alikuwa ameandaa jagi la ukwaju, mzito, wa rangi ya udongo.

Wesley aliliangalia jagi, akaliangalia shati lake. Akauliza kwa adabu kama maji hayawezi kufaa. Mama akamwambia maji ni ya kuoshea sufuria. Ana miaka tisini na meno manne, nikadhani atatoa kijimvuke hivi cha kusingizia. Loo. Alivuta pumzi, akaachilia. Wesley alilowa kutoka kola mpaka mshipi. Mama akasema maneno yake vizuri, polepole, kinyongo kitoke, geti lifunguke, mkwe alainike, halafu akapiga funda la pili kwa ajili ya mgongo. Mkamburi alicheka mpaka akakaa juu ya kinu. Mimi tumbo liliniuma. Wesley alisimama tu pale, anachuruzika ukwaju, na mwishowe yeye mwenyewe akaanza kucheka.

Tukarudi Voi tukiimba. Saa nane na robo tulikuwa uani kwa kanisa. Muda tele. Nikazunguka stoo kumchukua mbuzi.

Kamba ilikuwepo.

Phineas, katibu wa kanisa, alikuwa anafagia maganda ya miwa huku anapiga mluzi. Huo mnada wa Mavuno ndio starehe yake, mwaka mzima anaungojea. Nikamwuliza mbuzi yuko wapi. Uso wake ukang'aa. Alinieleza kwamba haijawahi kutokea Mavuno yenye mbuzi wa vile, ameogeshwa, amefungwa utepe, mtoaji hakutaka hata jina lake litajwe, hiyo ndiyo sadaka ya kweli. Watu walimgombania. Amechukuliwa na mwanamume mmoja mgeni, mwenye baiskeli na kofia ya kijani, akaenda zake.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilisema wazi pale pale, ni mimi, nimemfunga mwenyewe kwa mkono wangu, na utepe nikaunyoosha. Phineas akashika ufagio kwa mikono miwili. Mkamburi hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alikaa kwenye ngazi za stoo, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa ameombwa jambo moja tu.

Wesley alisema basi tumtafute. Kavinya hakupatikana kwa simu, mashangazi zake walikuwa wameichukua tangu asubuhi. Tukaingia kwenye probox sote wanne, Phineas pia. Tulikwenda stendi. Tulikwenda kwa wachinjaji. Tuliuliza kila mtu wa bodaboda kutoka sokoni mpaka darajani. Tulipata wanaume watatu wa kofia za kijani. Mmoja alikuwa askari. Mmoja alikuwa na baiskeli kweli, tukamfukuza mpaka akaangusha trei la mayai, kumbe anauza mayai, na Mkamburi akashuka kumsaidia kuokota. Nikamwambia wifi, saa. Akasema, "Si ni dakika moja tu." Halafu akajisikia mwenyewe, akafunika uso kwa khanga, na mimi na yeye tukaanza kucheka ovyo kabisa, huku tunalia, katikati ya barabara, tumeshika mayai.

Saa tisa ilipita tukiwa bado huko. Tuliisikia kwenye redio ya probox, taarifa ya habari ikaanza, Wesley akaizima.

Kumpata mbuzi mwingine Jumapili haikuwezekana, tulijaribu. Mwishowe Mkamburi akasema twende tu, hata kama ni kuomba msamaha kwenye geti lililofungwa, haiwezekani kumwacha mtoto wa watu akingoja. Phineas kwa uchungu alitupatia boga, lile kubwa lililokosa mnunuzi kwa sababu hakuna aliyeweza kulibeba. Basi Wesley akashuka Kaloleni hivyo, shati la ukwaju, boga kifuani. Ilikuwa saa kumi na dakika tatu.

Geti lilikuwa wazi. Baadaye tulikuja kujua kwamba Mutunga alikuwa ameshalishika komeo saa tisa na dakika moja, Nduku akamwambia afunge akipenda, lakini chakula chote hicho atakila peke yake.

Tulikaribishwa ndani. Mashangazi walikuwa wamejaa, wametoka mpaka Kibwezi. Kavinya alichungulia mlangoni, akaliona shati, akaliona boga, akarudi ndani haraka, na tukasikia kile kicheko chake kinazibwa na mto. Mutunga hakucheka. Alikuwa ameketi wima, kidaftari mezani, kalamu juu yake. Alitusalimu kwa kipimo. Mkamburi alianza kusema, naye akainua kiganja, akasema mgeni kwanza ale.

Chakula kikaja, chapati, muthokoi wa mahindi, na nyama. Niseme ukweli, pamoja na aibu yote ile, sijawahi kula nyama laini namna ile. Nduku alituambia kwamba wageni wake walizidi hesabu, kuku hawakutosha, ikabidi mchana amtume ndugu yake akatafute nyama zaidi. Mimi nikaitikia tu, mdomo umejaa.

Hapo ndipo Shanice, mjukuu wao wa miaka minne, alipopita kutoka jikoni akirukaruka. Nywele zake zilikuwa zimefungwa utepe mwekundu. Mwishoni mwa utepe kulikuwa na tone la nta ya bluu.

Niliacha kutafuna. Nikamfinya Mkamburi paja kwa nguvu. Akaniangalia, nikamwonyesha kwa macho. Aliutazama utepe. Akaitazama sahani yake. Akautazama tena utepe, na nikaona mabega yake yanaanza kutetemeka.

Mutunga akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama Wesley, mimi niliomba mbuzi mmoja, kabla ya saa tisa. Yuko wapi?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema yuko njiani, ama ameugua, ama tutamleta kesho, na nilimwombea aseme hivyo. Wifi yangu alisimama. Akafuta mikono.

"Mzee," akasema, "mbuzi wetu ndiye huyu tunayemla."

Shangazi mmoja alirudisha mfupa kwenye sahani taratibu sana. Mkamburi akaeleza yote bila kupunguza kitu, bodaboda, mwarobaini, Mavuno, mnada, mayai, na alipofika kwenye mimi kunyoosha utepe, akasema "tulifunga", wala hakusema "alifunga". Akasema kosa ni lake, kijana wake hana hatia, na kama adhabu ipo basi isimwangukie Wesley, kwa kuwa yeye maisha yake yote amekuwa akimwomba mama yake awahi.

Nduku alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Mutunga hakugeuza hata shingo. Aliita, "Wambua."

Akaingia kutoka uani huyo ndugu yake Nduku, kisu mkononi, kofia ya kijani kichwani. Wesley aliguna. Mutunga akaanza kumhoji, na nina hakika hivyo ndivyo alivyokuwa akiwahoji madereva wa treni. Mbuzi huyu umemtoa wapi? Mnada wa kanisa, Mwakingali. Alikuwa na utepe? Alikuwa nao, Shanice akaupenda. Mlifika hapa saa ngapi? Wambua akajikuna, akasema saa saba na dakika arobaini, anakumbuka kwa sababu Mutunga mwenyewe alikuwa getini akaangalia saa.

Mutunga akafungua kidaftari, akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Ulimleta kwa baiskeli?"

"Baiskeli ilipata pancha pale karibu na kanisa," Wambua akasema. "Mbuzi alitembea mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkimbilia."

Mzee akatoa kofia ya kalamu. Chumba kizima tulikuwa tumeikodolea macho kalamu ile, hata Kavinya alikuwa ametoka mafichoni na kusimama wazi mlangoni. Mzee akaandika, akapuliza wino, akafunga. Halafu akamtazama Wesley, kutoka kola mpaka mshipi, na boga lake.

"Mimi sikuomba watu wafike kabla ya saa tisa," akasema Mutunga. "Niliomba mbuzi. Mbuzi amefika."

Sijui nani aliyepiga kigelegele kwanza, pengine ni mimi. Mashangazi wa Kibwezi walisimama wote. Kavinya alimkimbilia Wesley akamkumbatia na boga katikati yao. Wambua alitaka kuelezwa upya, hakuwa ameelewa kwamba amemwoza mpwa wake kwa mkono wake mwenyewe. Na Mutunga, nakuambia, mdomo wake ulipinda upande mmoja, ukapinda na wa pili, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mchuzi. Alipoulizwa kuhusu shati na akaelezwa habari za Mama na ukwaju, akasema huyo bibi aletwe, anataka kumwona.

Mkamburi alikuwa analia na kucheka. Alijifuta machoni, akamwomba Mutunga kitu. Alitaka kuuona ule ukurasa. Mzee akamgeuzia kidaftari. Palikuwa pameandikwa: Familia ya Mkamburi, saa 7.40, kwa miguu.

Aliusoma mara mbili. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuandikwa popote kwamba amefika mapema. Mutunga alifikiri kidogo. Miaka yote hiyo Nduku hajawahi kumwona akifanya hivyo, lakini siku hiyo alishika ukurasa kwa juu, akauchana taratibu, akampa.

Uko ndani ya Biblia yake hadi leo. Asubuhi iliyofuata alichelewa sokoni kwa sababu alikuwa anamwonyesha kila mtu njiani.